Chasisi Tatu Zilizoshinda Le Mans Mara Mbili: Uifuatilie Ipi?

Gari linalomaliza saa 24 za Le Mans, hata kama limeshinda, huwa limechakaa. Injini imezunguka mchana na usiku, giaboksi imebadilishwa gia maelfu ya mara, diski za breki zimepata moto hadi zikawa nyekundu gizani, na bodi imepigwa na kokoto kwa karibu kilomita 5,000. Kwa kawaida gari la namna hiyo huoshwa, hupelekwa kwenye maonyesho, kisha timu hujenga jingine kwa ajili ya mwaka unaofuata. Ndiyo maana, tangu mbio hizo zilipoanza mwaka 1923 huko magharibi mwa Ufaransa, imekuwa nadra sana kwa chasisi moja, chuma kile kile chenye namba ile ile, kurudi mwaka wa pili na kushinda tena.

Makala haya yanaziweka bega kwa bega chasisi tatu zilizofanya hivyo. Yanamlenga msomaji anayetaka kuchagua gari moja la kulifuatilia kwa kina: anayeunda vigari vya mfano na ana nafasi ya kimoja tu kwenye rafu yake, anayetafuta rekodi za mbio za zamani ili azitazame kwa mpangilio, au mwanafunzi wa ufundi wa magari anayeona ni afadhali alijue gari moja mpaka mwisho kuliko kujua majina mia moja juu juu. Bentley Speed Six iliyoshinda 1929 na 1930 nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa gari la barabarani lililotayarishwa kwa mbio, na hapa tunazungumzia magari yaliyozaliwa kwa ajili ya mashindano.

Ya kwanza ni Ford GT40 yenye namba P/1075, ya timu ya JW Automotive iliyoongozwa na John Wyer na kuwa na karakana yake Slough, Uingereza. Ilipakwa rangi ya samawati na mstari wa chungwa, rangi za kampuni ya mafuta ya Gulf, na ilishinda mwaka 1968 na 1969. Ya pili ni Porsche 956 namba 117, gari la manjano la timu ya Mjerumani Reinhold Joest, lililoshinda 1984 na 1985. Ya tatu ni TWR-Porsche WSC-95 namba 001, nayo ya Joest huyo huyo, iliyoshinda 1996 na 1997. Anayeshikilia kanuni kwa ukali atasema kwamba GT40 ya 1968 haikuandikishwa kama prototaipu, yaani gari la mbio lisilodaiwa idadi ya kuundwa, kwa kuwa ilishiriki katika kundi la magari yaliyotakiwa kuundwa angalau 50. Ni kweli, lakini aina hiyo ilianza maisha yake mwaka 1964 kama prototaipu kamili, na sioni sababu ya kuinyima nafasi katika mizani hii.

Magari yaliyoachwa na wenyewe

Kabla ya kutofautisha, kuna jambo moja linaloziunganisha chasisi zote tatu, na kwangu ndilo linalozifanya ziwe na thamani ya kufuatiliwa. Hakuna hata moja iliyoshinda ikiwa gari jipya la kiwanda lililotegemewa mwaka ule. Zote zilishinda baada ya waliozibuni kuondoka, kugoma, au kuhamia kwenye kitu kingine.

Kampuni ya Ford ilikuwa imepata ilichokitaka Le Mans mwaka 1966 na 1967 kwa magari ya injini ya lita 7, kisha ikafunga mradi wake. Kanuni mpya zilizoanza 1968 ziliwabana wenye prototaipu wasizidi lita 3, huku magari yaliyoundwa kwa idadi yakiruhusiwa hadi lita 5. Wyer akaona mlango ulioachwa wazi: GT40, gari lililokwisha kuonekana la jana, lingeweza kuingia humo na injini ya V8 ya chini kidogo ya lita 5. Hata mwaka 1969 timu yake yenyewe ilikuwa ikiandaa Mirage mpya yenye injini ya lita 3, na GT40 ikawa gari la kusogeza siku mpaka jipya liwe tayari. Gari la kusogeza siku ndilo lililoshinda.

Kwa 956 habari ni nyingine. Porsche walikuwa wameitawala Le Mans kwa aina hiyo tangu ilipotokea mwaka 1982, magari yao matatu yalipomaliza ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwaka 1984 walitarajia kiasi cha mafuta kinachoruhusiwa kipunguzwe kama ilivyotangazwa, na walikwisha kuandaa injini zao kwa ajili hiyo. Wasimamizi wa mchezo walipobadilisha nia, kiwanda kilisusa Le Mans. Wateja waliouziwa 956 ndio waliobaki uwanjani, na Joest alikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata kiwanda kilirudi na aina mpya, 962C, na chasisi 117 ikawa gari la zamani linalopambana na mrithi wake.

WSC-95 ndiyo iliyotupwa mbali zaidi. Tom Walkinshaw na kampuni yake ya TWR walichukua chasisi ya Jaguar XJR-14, gari la paa lililobuniwa chini ya Ross Brawn na kushindana 1991, wakaliondoa paa, na nyuma ya dereva wakaweka injini ya Porsche ya lita 3, silinda sita zilizolala na turbo mbili. Lengo lilikuwa saa 24 za Daytona, Marekani, mwanzoni mwa 1995. Muda mfupi kabla ya mashindano waandaaji wa kule walibadilisha kanuni kwa namna iliyoziumiza injini za turbo, Porsche wakajiondoa, na gari likaingizwa stoo bila kushindana hata mara moja. Joest aliomba apewe. Akapewa, huku Porsche wenyewe wakielekeza nguvu na fedha zao kwenye gari lao jipya, 911 GT1.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu mwendo huu. Mwaka 1965 ndugu wawili kutoka Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda East African Safari wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia kisha ikauzwa. Gari lililokwisha kupigwa na matope na mawe liliingia kwenye mikono ya mafundi waliolijua, likafunguliwa, likafungwa upya, likashinda mbele ya magari mapya. Kilomita za Le Mans ni za lami na za Safari zilikuwa za vumbi, lakini kazi ya gereji ni ile ile.

Urefu wa kila safari

Tukizilinganisha kwa wingi wa kazi, tofauti ni kubwa, na hapa ndipo msomaji anapaswa kujiuliza anataka hadithi ya namna gani.

P/1075 ndiyo yenye ushindi ulioenea zaidi. Mwaka 1968 ilishinda Brands Hatch na Spa ikiwa na Jacky Ickx na Brian Redman, ikashinda Watkins Glen ikiwa na Ickx na Lucien Bianchi, kisha ikashinda Le Mans. Mwaka 1969 ikashinda saa 12 za Sebring kule Florida na kurudi kushinda Le Mans, mara zote mbili ikiwa na Ickx na Jackie Oliver. Ni ushindi sita mkubwa katika misimu miwili, kwenye nchi nne na viwanja vya tabia tofauti kabisa: Brands Hatch ni njia nyembamba ya mabonde na vilima, Spa ya enzi zile ilikuwa barabara za vijiji zenye kasi ya kutisha, na Sebring ni zege la uwanja wa ndege wa zamani linalovunja kila kitu kilicholegea. Gari lililoshinda mahali pote hapo halikubahatisha.

Le Mans ya 1968 ilistahili kufanyika Juni, lakini kwa sababu ya migomo na ghasia za Mei nchini Ufaransa iliahirishwa hadi mwisho wa Septemba. Kuahirishwa huko kuliikuta timu ya Wyer haina madereva wake wawili wa kutegemewa. Redman alivunjika mkono mwezi Juni katika mbio za Formula 1 za Ubelgiji, na Ickx alivunjika mguu mwezi Septemba akifanya mazoezi Kanada, siku chache tu kabla ya Le Mans. Wyer akamwita Pedro Rodríguez wa Mexico aendeshe pamoja na Bianchi, Mbelgiji. Usiku ulikuwa mrefu kuliko wa Juni, na mvua ilinyesha. Wawili hao walimaliza mizunguko 331, mizunguko mitano mbele ya Porsche 907 iliyokuwa ya pili. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba P/1075 ni gari la Ickx anasema nusu ya ukweli.

Chasisi 117 ilishiriki raundi za ubingwa wa dunia pamoja na Le Mans, na maisha yake ni ya gari la mteja, si la kiwanda: bajeti ndogo, matengenezo mengi, na madereva wanaobadilika kufuatana na nani anapatikana na nani analeta mdhamini. Nafasi ya kumuona fundi akifanya kazi ni kubwa zaidi hapa kuliko kwa P/1075.

WSC-95 ina safari fupi mno. Jina lake limejengwa juu ya Juni mbili tu. Hilo linaweza kuwa udhaifu au faida, kutegemea unachotafuta: mwenye wikendi mbili tu za kutazama rekodi anaweza kuijua karibu yote.

Mafuta ndiyo mbio zenyewe

Mwanzoni nilisema kwamba mwanafunzi wa ufundi ni mmoja wa ninaowaandikia. Yeye asome sehemu hii taratibu, kwa kuwa ndiyo inayoipa chasisi 117 uzito kuliko nyingine machoni pangu.

GT40 haikuwekewa kikomo cha mafuta ya kutumia katika mbio nzima. Kilichoibana ni ukubwa wa injini, na faida yake ilikuwa uimara: V8 kubwa isiyokazwa sana dhidi ya injini ndogo za Porsche 908 zilizokuwa zikikamuliwa. WSC-95 nayo ilibanwa kwa njia nyingine, yaani kwa hewa inayoruhusiwa kuingia kwenye injini. Lakini kanuni za daraja la Group C, zilizoizaa 956, ziliweka kitu tofauti kabisa mezani. Tangi lisizidi lita 100, na mafuta yote ya mbio yahesabiwe: mwanzoni lita 600 kwa kila kilomita 1,000, na lita 2,600 kwa saa 24 za Le Mans. Mwaka 1985 kiasi hicho kilikatwa kwa asilimia 15, kikabaki lita 2,210.

Fikiria maana yake. Injini ya 956 ilikuwa ya silinda sita zilizolala, lita 2.65, turbo mbili, silinda zikipozwa kwa hewa na vichwa vyake vikipozwa kwa maji, yenye uwezo wa kuzidi nguvu za farasi 600. Mhandisi Norbert Singer aliichonga sakafu ya gari ili hewa inayopita chini ilivute lishike barabara kwenye kona. Ukikanyaga mafuta bila hesabu, utaongoza hadi jioni na usiku utaishiwa. Ukijibana kupita kiasi, wenzako watakuacha. Dereva anatakiwa aachie pedali mita kadhaa kabla ya mahali pa kufungia breki, gari litembee lenyewe, na afanye hivyo mzunguko baada ya mzunguko bila kupoteza muda mwingi. Ni nidhamu ngumu kuliko kukimbia.

Saa za mwanzo za 1985 zinaonyesha jambo hili kwa uwazi usiopatikana katika mbio nyingine ninazozijua. Klaus Ludwig alikuwa ndani ya 117. Jonathan Palmer, Mwingereza, alikuwa ndani ya 956 ya timu ya Richard Lloyd, nayo ya mteja. Katika barabara ndefu ya Hunaudières, ambayo wakati huo ilinyooka kwa takriban kilomita 6 bila kizuizi, gari la mbele hukata upepo na la nyuma hupita katika kivuli cha upepo huo likitumia mafuta machache kwa kasi ile ile. Basi wawili hao, ambao walikuwa washindani, walianza kupokezana: huyu anatangulia, yule anajificha nyuma, kisha wanabadilishana. Kwa mtazamaji wa kawaida ilionekana kama vita vya kugombea uongozi. Kwa kweli walikuwa wakiwekeana akiba. Wakati huo Hans-Joachim Stuck alikuwa amekwisha kuipa 962C ya kiwanda nafasi ya kwanza ya kuanzia kwa muda wa dakika 3 na sekunde 14.80, mwendo ambao haukupitwa Le Mans kwa zaidi ya miaka 30. Gari hilo la kasi kuliko yote lilimaliza la tatu. La Lloyd likawa la pili. Chasisi 117 ikashinda, ikiwa imetembea zaidi ya kilomita 5,088.

Gawanya lita 2,210 kwa umbali huo. Hata kama timu ilitumia mafuta yote iliyopewa hadi tone la mwisho, gari lilikula kama lita 43 kwa kilomita 100, likiwa na kasi ya wastani inayozidi kilomita 210 kwa saa, vituo vyote vikihesabiwa. Mwaka mmoja kabla, kwa posho kubwa zaidi ya mafuta, chasisi hiyo hiyo ilikuwa imetembea takriban kilomita 4,900. Mafuta machache, umbali mrefu zaidi. Sijui somo bora kuliko hilo la kumfundisha kijana kwamba kuendesha kwa ustadi na kubana mafuta si vitu viwili vinavyopingana.

Tahadhari kuhusu kilomita

Baadhi ya watu hulinganisha magari haya kwa umbali: GT40 ilitembea kilomita 4,998 mwaka 1969, WSC-95 kilomita 4,814 mwaka 1996 na takriban 4,909 mwaka 1997, hivyo GT40 ya zamani ilikuwa ya kasi kuliko gari lililoundwa miaka 30 baadaye. Hesabu ni sahihi na hitimisho ni batili. Kuanzia mwaka 1990 barabara ya Hunaudières ilikatwa kwa kona mbili za kupunguza mwendo, kwa sababu magari ya Group C yalikuwa yakivuka kilomita 350 kwa saa. GT40 na 956 ziliijua barabara hiyo ikiwa imenyooka, WSC-95 haikuijua. Zaidi ya hapo, mvua, ajali na muda unaopotea nyuma ya gari la usalama hubadilika mwaka hadi mwaka. Tumia kilomita kulinganisha gari na washindani wake wa siku ile tu.

Dakika za mwisho, na za kwanza

Anayechagua kwa msisimko hana haja ya kusita: ni P/1075, Le Mans ya 1969.

Mbio zilianza saa nane mchana badala ya saa kumi, kwa sababu Wafaransa walikuwa wakipiga kura ya kumchagua rais. Kwa desturi ya miaka mingi madereva walijipanga upande mmoja wa njia, magari upande wa pili, na bendera ikishushwa kila mmoja hukimbia, huruka ndani na kuondoka. Katika haraka hiyo wengi waliondoka bila kufunga mikanda vizuri. Ickx, kijana wa miaka 24, aliona jambo hilo ni la kijinga. Bendera iliposhushwa wenzake walikimbia, yeye akatembea. Alivuka njia kwa hatua za mtu anayekwenda sokoni, akaingia ndani ya gari namba 6, akafunga mkanda sawasawa, akaondoka wa mwisho. Kabla mzunguko wa kwanza haujaisha, Mwingereza John Woolfe alipata ajali akiwa na Porsche 917 na kufariki; hakuwa amefunga mkanda. Kuanzia mwaka uliofuata madereva walianza wakiwa wamekwisha kukaa na kufungwa.

Saa 24 baadaye yule aliyeondoka wa mwisho alikuwa mbele, lakini si peke yake. Hans Herrmann, akiwa na Porsche 908, alikuwa naye bega kwa bega, wakipitana mara kwa mara huku taa ya onyo la breki ikiwaka mbele ya Herrmann. Katika mzunguko wa mwisho Ickx alimwachia Herrmann ampite mapema kwenye Hunaudières, akajificha katika kivuli cha upepo wake, kisha akachomoka na kumpita kabla ya kona ya mwisho wa barabara hiyo. Kwenye mstari wa kumalizia walitenganishwa na takriban mita 120. Baada ya saa 24, hiyo ni sawa na pumzi moja.

Hakuna kitu cha namna hiyo katika maisha ya 117. Mwaka 1984, Ludwig na Mfaransa Henri Pescarolo walipata hitilafu mapema, wakarudi nyuma sana, kisha wakapanda nafasi moja moja usiku kucha hadi juu, na Pescarolo akapata ushindi wake wa nne wa Le Mans. Ni kazi nzuri, lakini ni ya subira, na mtazamaji asiye na subira ataikatia tamaa kabla ya mapambazuko.

WSC-95 ina msisimko wake wa aina nyingine, ule wa kusubiri mwenye nguvu ajikwae. Mwaka 1996 Manuel Reuter, Davy Jones na Alexander Wurz waliishinda 911 GT1 ya kiwanda cha Porsche kwa mzunguko mmoja, na Wurz, aliyekuwa na miaka 22, akawa mshindi mdogo kuliko wote katika historia ya mbio hizo. Mwaka 1997 Michele Alboreto aliipatia chasisi hiyo nafasi ya kwanza ya kuanzia, akiendesha pamoja na Stefan Johansson na Tom Kristensen, ambaye hadi wakati huo alikuwa hajawahi kushiriki Le Mans. Magari mawili ya kiwanda yalikuwa na kasi. Moja likaharibika Jumapili asubuhi mikononi mwa Bob Wollek, na jingine, likiwa mbele, likawaka moto zikiwa zimebaki takriban saa mbili. Gari la Joest likapita. Kristensen aliendelea hadi kufikisha ushindi tisa, idadi ambayo hakuna aliyeifikia. Anayemwona Kristensen kuwa dereva bora wa Le Mans ataanzia hapa, na hana haja ya kusoma zaidi.

Watu ndani ya gari

Kwa upande wa madereva 117 ina mtu mmoja ambaye sijamwona mfano wake kwingine. Katika orodha ya washindi wa 1985, pamoja na Ludwig na Mwitaliano Paolo Barilla, limeandikwa jina John Winter. Hakuwapo mtu mwenye jina hilo. Alikuwa Louis Krages, mfanyabiashara wa mbao wa Ujerumani, aliyetumia jina la bandia ili familia yake isijue kwamba anashiriki mbio. Sehemu aliyoendesha katika mbio zile ilikuwa ndogo, na Ludwig na Barilla ndio waliobeba mzigo. Lakini kushinda Le Mans ni njia mbaya ya kuficha siri, na picha zilimfichua.

Uchague ipi

Kama unaunda kigari cha mfano na unataka kinachotambulika na kila mgeni anayeingia sebuleni, chukua P/1075, samawati na chungwa, ila amua kwanza ni ya mwaka gani, kwa kuwa ya 1968 ilikuwa namba 9 na ya 1969 namba 6, na kuchanganya namba na madereva ni kosa linaloonekana mara moja. Kama umetoka kwenye Formula 1 na unataka sura unazozifahamu, WSC-95 ya 1997 ina Alboreto na Johansson, wote wawili waliowahi kuendesha Ferrari. Chasisi hiyo pia inamfaa anayependa mafumbo ya asili, maana mtu anaweza kubishana usiku kucha kama ni Jaguar iliyokatwa paa au Porsche iliyovaa ngozi ya kuazima.

Mimi ningechagua 117, na namshauri hivyo msomaji yeyote anayetaka kuelewa mbio za masafa marefu badala ya kuzishangilia tu. P/1075 inakufundisha ujasiri wa dereva, WSC-95 inakufundisha kuokota kilichotupwa, na 117 ina hayo yote mawili kwa kiasi, pamoja na hesabu ya mafuta ambayo hazinayo nyingine. Anza na 1985 kabla ya 1984. Tazama saa mbili za mwanzo ukiwa umekwisha kujua kwamba Ludwig na Palmer wanapokezana upepo, kisha rudi 1984 uone gari lile lile likiwa na posho kubwa ya mafuta na bila kiwanda uwanjani.

Usiishie hapo. Mwaka 1986 Joest aliileta 117 kwa mara ya tatu, ikiwa na namba ile ile 7 na madereva wale wale watatu wa mwaka uliotangulia. Lilikuwa gari la misimu mitatu likikabiliana na 962C ya kiwanda ya Stuck, Derek Bell na Al Holbert, na usiku ule liliweza kuifuata kwa karibu kiasi cha kuwatia hofu. Kisha, usiku wa kuamkia Jumapili, Jo Gartner wa Austria alipata ajali kwenye Hunaudières akafariki, na magari yote yakapangwa nyuma ya gari la usalama kwa muda mrefu, yakitembea polepole gizani. Injini ya 117 iliyopozwa nusu kwa hewa ilikuwa imeundwa kwa ajili ya mwendo, na mbio zilipofunguliwa tena haikuchukua muda ikaharibika.